Kujipiga kifua kwenye "Nakuungamia": desturi hii imetoka wapi, na kwa nini mara tatu?

Mwanakigango
Tumsifu Yesu Kristo wakuu.

Jumapili iliyopita frateri (anayesomea upadre) aliyekuja kigangoni kwetu aliwaambia watoto wa mafundisho kwamba kwenye Nakuungamia, ile sala ya kukiri dhambi mwanzoni mwa Misa, wakifika "Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana" wajipige kifua mara moja, inatosha. Wazee wakanuna palepale. Baada ya Misa mjadala ukahamia nje chini ya mwembe. Mzee mmoja akasema mara tatu ni kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) akasema hapana, ni kwa sababu Petro alimkana Bwana mara tatu. Kijana wa kwaya akasema ni mambo ya wamisionari tu, hayana maana yoyote.

Nataka kujua mambo mawili. Kitendo chenyewe kimeanzia wapi? Na hiyo tatu imetoka wapi? Mwenye kujua atiririke.

Mama Jumuiya
Milele amina. Mbona jibu liko kwenye Biblia? Luka 18:13, mtoza ushuru alisimama mbali, hakuthubutu hata kuinua macho yake mbinguni, "bali alijipiga-piga kifua akisema, Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Tunamwiga yeye. Uzi ufungwe.

Mbuyu Mkavu
Mama Jumuiya usifunge uzi mapema hivyo, sisi wengine ndiyo kwanza tunaingia. Luka hakutaja idadi. Na mtoza ushuru mwenyewe aliitoa wapi? Yesu alisimulia mfano kwa watu ambao tayari walikuwa wanajua maana ya mtu kujipiga kifua. Kwa hiyo desturi ni ya zamani kuliko mfano.

Frateri wa Zamani
Nilikaa seminari miaka kadhaa kabla sijatoka, niongezee kidogo.

Mbuyu Mkavu yuko sahihi. Ukisoma Agano la Kale, kujipiga kifua kunaonekana zaidi kwenye msiba. Nahumu 2:7, mji umeanguka na wajakazi wanaomboleza wakijipiga-piga vifua. Mtu anayejuta dhambi yake unaweza kumkuta anajipiga sehemu nyingine kabisa: Yeremia 31:19, Efraimu anasema baada ya kufundishwa alijipiga pajani. Paja, siyo kifua.

Ndipo unakuja kwa Luka mwenyewe unakuta vyote viwili. Sura ya 23:27, wanawake wanamfuata Yesu njiani wakijipiga vifua na kumwombolezea. Huo ni msiba. Halafu 23:48, baada ya Yesu kukata roho, makutano yote wanaondoka wakijipiga-piga vifua. Hao walikuwa wanalia msiba au wanajuta? Soma ule mstari taratibu. Mimi naona wanajuta, maana ni umati uleule uliokuwa ukipiga kelele asulibiwe.

Pwani Tulivu
Asalaam alaykum ndugu zetu. Mimi ni Muislamu, Shia Ithnaasheri, niko Unguja, nafuatilia tu. Kwetu Muharramu tunajipiga vifua kwenye majlisi kumwombolezea Imamu Husein aliyeuawa Karbala mwaka 680. Ni huzuni na mapenzi, na ni kumwambia kwamba lau tungekuwapo tungesimama naye. Ukiwa ndani unasikia mikono mia inatua kwa pamoja na kaswida, kifua chako kinaitikia hata kabla hujainua mkono. Nilikuwa nadhani na nyinyi mnamlilia Nabii Issa. Sivyo?

Mama Jumuiya
Waalaykum salaam kaka, karibu sana. Hapana, kwetu mtu analilia dhambi zake mwenyewe.

Mbuyu Mkavu
Ijumaa Kuu je? Mimi naona Pwani Tulivu kagusa kitu. Kama asili ni msiba, basi tunamlilia Bwana aliyekufa kwa ajili ya dhambi zetu. Vyote viwili viko ndani.

Katekista Mstaafu
Vijana, ngoja mzee aseme.

Nilitumikia altare nikiwa mtoto, Misa ikiwa bado ya Kilatini. Padre anainama sana chini ya ngazi anasali Konfiteo yake, ndiyo Nakuungamia kwa Kilatini, akimaliza sisi watumikiaji tunainama tunasali ya kwetu: mea kulpa, mea kulpa, mea maksima kulpa. Hatukujua Kilatini lakini tulijua pa kupiga. Mkono wa kushoto umetulia chini ya kifua, wa kulia ndiyo unapiga. Ukipiga mara mbili, sakristia baada ya Misa unaulizwa.

Zamani hatukujipiga kifua pale tu. Kwenye "Mwanakondoo wa Mungu" tulipiga, mara tatu. Kwenye "Ee Bwana, sistahili" tulipiga, mara tatu tena, kwa sababu maneno yenyewe yalirudiwa mara tatu. Sasa sikiliza hapa, Mbuyu Mkavu. Kwenye Misa ya wafu, padre akifika Mwanakondoo wa Mungu, HAPIGI kifua. Kwa nini? Kwa sababu Misa ya wafu haikusema "utuhurumie", ilisema "uwajalie pumziko". Anawaombea marehemu, hajiombei mwenyewe, basi mkono unatulia. Kama kujipiga kifua kungekuwa kilio cha msiba, si ndiyo tungepiga zaidi siku hiyo?

Frateri wa Zamani
Katekista, hiyo hoja ni nzito. Seminari tulifundishwa kwamba kwenye Misa ya wafu hawapigi, lakini hatukuelezwa sababu.

Mbuyu Mkavu
Nimeipokea mzee, shikamoo. Lakini hoja yako inaonyesha Kanisa lilikitumiaje kitendo hicho, haionyeshi kilianzia wapi. Kitu kinaweza kuzaliwa msibani kikaja kukulia kanisani.

Katekista Mstaafu
Marahaba. Una ubishi wa kurithi wewe.

Kwetu Nyeri
Sasa hiyo tatu? Nilifundishwa na sista kwamba ni mawazo, maneno na matendo. Pigo moja kwa kila aina ya dhambi. Nikapokea komunyo ya kwanza nikijua hivyo na watoto wangu nimewafundisha hivyo.

Mwanakigango
Kwetu Nyeri asante, hii ya kwako naona ina mantiki kuliko ya Petro.

Shemeji wa Paroko
Ina mantiki mpaka uhesabu. "Kwa mawazo, kwa maneno, kwa matendo, NA kwa kutotimiza wajibu." Hizo ni nne. Pigo la nne liko wapi?

Kwetu Nyeri
Eeh! Shemeji umenishika.

Frateri wa Zamani
Msimkate Kwetu Nyeri haraka. "Kutotimiza wajibu" ni nyongeza. Konfiteo ya Misale ya zamani, yaani kitabu cha sala za Misa, ilikuwa na tatu tu: mawazo, neno na tendo. Hiyo ya nne imeingia na Misale ya Papa Paulo VI ya mwaka 1970, baada ya Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano. Kwa hiyo maelezo ya yule sista yalitimia sawasawa kwa Misa ya zamani. Inawezekana yeye mwenyewe aliyapokea kwa waliosali Misa hiyo.

Ila hata hivyo mimi siyaamini. Mapigo hayapo kwenye "mawazo, maneno, matendo". Yapo kwenye "nimekosa". Tatu inafuata maneno, kila "nimekosa" na pigo lake. Swali linalobaki ni kwa nini "nimekosa" ni tatu.

Lushoto Baridi
Mtaguso wa Trento ndio uliamuru tatu. Nimesoma mahali.

Frateri wa Zamani
Trento uliisha 1563 na kazi ya kurekebisha Misale ukamwachia Papa. Aliyeitoa ni Pio V, mwaka 1570. Humo na kwenye zilizofuata mpaka ile ya 1962 ya Yohane XXIII, maelekezo yanasema wazi padre apige kifua mara tatu kwa mkono wa kulia. Lakini sala yenyewe ni ya zamani zaidi. Kufikia karne ya 11 unaikuta mwanzoni mwa Misa, na kabla ya hapo mapadre walikuwa na sala zao binafsi za kuomba msamaha wakielekea altareni. 1570 walipanga kilichokuwapo, hawakukianzisha.

Na hapa ndipo yule frateri wa kigangoni kwa Mwanakigango anapata pa kusimama. Misale ya sasa ya Kilatini inasema waamini wakijipiga kifua waseme "mea culpa, mea culpa, mea maxima culpa". Basi. Idadi ya mapigo haikutajwa.

Mama Jumuiya
Kwa hiyo wazee walinuna bure?

Shemeji wa Paroko
Hawakununa bure. Kama maelekezo yamenyamaza, desturi ya watu inaendelea. Unamwambiaje bibi wa miaka 80 apige mara moja wakati mdomo wake unasema mara tatu? Mkono na mdomo viende pamoja.

Lushoto Baridi
Na kama maelekezo yamenyamaza, anayepiga mara moja pia hajakosa.

Shemeji wa Paroko
Hajakosa. Ila asiende kuwabadilisha watoto wa watu.

Mtanzania wa Houston
Naongeza la huku Marekani. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1973 ilifupisha, ikabaki "nimekosa" moja tu. Watu wakapiga mara moja, wengine wakaacha kabisa. Majilio ya 2011 ikaja tafsiri mpya, tatu zikarudi. Nilikuwapo. Wiki za mwanzo kanisa zima lilikuwa linasoma kwenye kikaratasi, mkono mmoja umeshika karatasi na mwingine haujui uende wapi. Wazee waliowahi Kilatini ndio pekee waliopiga bila kuangalia. Mimi niliyetoka nyumbani na "nimekosa mimi, nimekosa mimi" kichwani nilijisikia nimerudi kwetu.

Frateri wenu asije akadhani Waswahili ndio waliozidisha. Sisi tulibaki na zile tatu muda wote ambao Waingereza walikuwa wamezikata.

Mwanakigango
Hii sikuijua kabisa. Nitawapelekea wazee wa mwembeni.

Kinubi
Mnaulizana tatu, hamuulizani wa kwanza kupiga kifua kwenye ibada walikuwa akina nani. Kwa ushahidi wa zamani tulionao, mmoja wa wazi kabisa ni wa Waafrika. Mtakatifu Augustino alikuwa askofu wa Hipo, leo ni Annaba, Algeria, akafariki mwaka 430. Kuna mahubiri yake anawalalamikia waamini. Injili imesomwa pale Yesu anaposema "Nakushukuru, Baba" (Mathayo 11:25). Kwa Kilatini neno la pale ni "confiteor". Watu waliposikia tu neno hilo, kanisa zima likavuma kwa vifua vinavyopigwa. Augustino ikabidi awaeleze: jamani, aliyesema ni Kristo, hana dhambi, hapa anamsifu Baba, haungami.

Fikiria hiyo picha. Miaka 1600 iliyopita, Afrika, mkono unatangulia akili. Na katika mahubiri hayohayo anaeleza maana: kujipiga kifua ni kufichua kilichofichika ndani ya kifua, na kuiadhibu kwa tendo la nje dhambi iliyo sirini. Mahali pengine akawa mkali zaidi, kwamba anayejipiga kifua bila kujirekebisha anazikaza dhambi zake, haziondoi.

Mama Jumuiya
Hilo la mwisho lichapwe libandikwe mlangoni kwa kanisa letu.

Pwani Tulivu
Kinubi, shukran. Hilo la watu kupiga kabla ya kufikiri nimelielewa sana.

Mbuyu Mkavu
Kinubi umesema "kuadhibu". Yeronimo wa Bethlehemu, aliyeishi wakati mmoja na Augustino, yeye anaelekea kwingine: tunapiga kifua kwa sababu ndimo yanamokaa mawazo mabaya, tunataka yatoke, moyo utakate. Kuadhibu na kutoa si kitu kimoja. Mmoja anachapa, mwingine anasafisha.

Na Yeronimo alimaanisha kweli. Kwenye barua yake moja, akikumbuka maisha ya jangwani, anasimulia kwamba hakuacha kujipiga kifua mpaka Bwana alipokemea na utulivu ukarudi. Ndiyo maana wachoraji wanamchora na jiwe mkononi. Leonardo da Vinci alimchora hivyo, picha haikumalizika, iko Makumbusho ya Vatikani.

Kwetu Nyeri
Na jiwe?? Sisi na ngumi tu tunaogopa kukunja shati.

Katekista Mstaafu
Na hapo ndipo penye shida siku hizi. Vijana wanagusa kitambaa kwa ncha za vidole. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na rozari kwenye mkono wa kushoto, wa kulia amekunja ngumi, akipiga juu ya kanga unasikia "du" mpaka benchi za mbele. Hakuwa na haraka, anasubiri neno limalizike ndipo apige linalofuata. Msalaba wa rozari ulikuwa unatikisika kila mara. Hata kabla sijui maana ya dhambi nilijua kwamba bibi anasema jambo zito.

Frateri wa Zamani
Padre Romano Guardini wa Ujerumani aliandika hilohilo mwaka 1922, kwamba tusiguse nguo kwa vidole, tupige kwa ngumi, maana ni kupiga hodi kwenye mlango wa nafsi ili iamke. Kwa hiyo tuna maelezo ya tatu: siyo adhabu, siyo kusafisha, ni kuamsha.

Muhezani
Hodi na mimi. Mimi ni Mwanglikana, huku kwetu tumelelewa na mapokeo ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana, tangu misheni yao ya Magila. Wazee wetu nao wanajipiga kifua kwenye maungamo, na kwenye "Mwanakondoo" bado wapo wanaopiga. Nilisoma bweni na Wakatoliki, waliponiona napiga waliniuliza nimebatizwa parokia gani.

Lushoto Baridi
Karibu jirani. Kumbe mlichukua kwetu?

Muhezani
Tulichukua kwa Augustino, sawa na nyinyi.

Lubumbashi Kwetu
Jambo sana. Niko Kongo. Kwetu tuko na Misa ya desturi ya Zaire, Roma waliikubali mwaka 1988, na Papa Fransisko aliiadhimisha Vatikani Desemba 2019, kisha Kinshasa 2023. Ndani yake kuungama hakuko mwanzo. Mwanzo tunawaita watakatifu na mababu, tunasikia Neno, padre anahubiri, tunasali Nasadiki, ndipo tunaomba msamaha. Neno linakuonyesha makosa yako kwanza. Na pale tunainamisha kichwa, tunakunja mikono miwili juu ya kifua, tunanyamaza. Halafu maji ya baraka, halafu amani.

Mkono unabaki kifuani, hata bila kupiga.

Kinubi
Lubumbashi Kwetu, hii ya kuungama baada ya Neno imenigusa. Kule Hipo nao walipiga baada ya kusikia neno likisomwa.

Shemeji wa Paroko
Kinubi, walipiga mahali siyo, Augustino akawakemea. Usiwageuze kuwa mfano.

Kinubi
Hakuwakemea kwa kupiga. Aliwafafanulia neno. Soma tena nilivyoandika.

Mbuyu Mkavu
Kabla hamjagombana, Wayahudi hamjawataja. Siku ya Upatanisho, Yom Kipuri, wanasali orodha ya dhambi iliyopangwa kwa herufi za alfabeti, na kwa kila dhambi pigo moja kifuani upande wa moyo. Hapo idadi inafuata dhambi zenyewe. Walimu wao wa kale waliulizwa kwa nini wanapiga moyoni, wakajibu: kwa sababu kila kitu kimo humo. Mtoza ushuru wa Luka alikuwa Myahudi Hekaluni. Mimi nashika hapo.

Frateri wa Zamani
Ila orodha hiyo ya sala imepangwa karne nyingi baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Huwezi kuirudisha kwa mtoza ushuru moja kwa moja. Kitendo kinaweza kuwa cha zamani kuliko sala, lakini huo tena ni uwezekano.

Mbuyu Mkavu
Sawa na hoja yako ya umati wa Kalvari. Na ile ni usomaji wako.

Tabora Njiapanda
Wakuu nimesoma yote. Swali dogo: mimi ni wa mkono wa kushoto. Ngumi ya kulia kwangu haina nguvu. Napiga kwa kushoto, na mama mkwe ananiangalia vibaya.

Katekista Mstaafu
Maelekezo ya zamani ya mkono wa kulia yaliandikwa kwa padre. Piga kwa kulia kama ishara ya msalaba unaifanya kwa kulia, mkono usibadilishwe badilishwe katika Misa moja. Nguvu siyo tatizo. Mama mkwe mwamkie vizuri.

Mama Jumuiya
Na wewe Tabora unaifikia hiyo Nakuungamia? Maana kuna watu humu wanaingia kanisani wakati wa somo la pili.

Tabora Njiapanda
Mama umenitazama mimi moja kwa moja 😅 Nafika, nafika.

Mwanakigango
Wakuu mbarikiwe. Nimerudi kutoka jumuiya leo jioni. Nilisoma ile ya Katekista kuhusu Misa ya wafu, mzee wa Utatu akakaa kimya kidogo, halafu akasema: "Basi mnieleze, kwenye Sala ya Ekaristi ya Kwanza padre anapiga kifua mara moja tu, ya nini?" Kweli nimeshamwona paroko anafanya hivyo, pale anapofika kututaja sisi wakosefu. Mbona pale ni moja?

Frateri wa Zamani
Mzee ana macho. Ni kweli, na lipo tangu Misale za zamani: sehemu kubwa ya sala ile padre aliisali kimya, lakini maneno ya "na sisi wakosefu" aliyapandisha sauti kidogo akajipiga kifua, mara moja. Kukiri kunatajwa mara moja, pigo moja. Inarudi kwenye niliyosema, mkono unafuata maneno.

Shemeji wa Paroko
Au inarudi kwa frateri wa kigangoni, kwamba moja inatosha.

Katekista Mstaafu
Pale padre anasema "sisi", anawataja watu wote kwa pamoja. Kwenye Nakuungamia kila mtu anasema "mimi". Mkaangalie hilo kwanza kabla ya kuhesabu.